Sentimita Tatu za Nyongeza

Chumba cha kushonea,
nyuma ya gereji ya mabasi.
Jumapili, tarehe 14, mchana baada ya kula.

Mpendwa binti yangu, mtoto wa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, na zikukute mzima, umeshiba, umevaa sweta. Vipi kifua? Kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu mwezi uliopita kimekwisha, au bado unanidanganya kwamba ni vumbi? Na lile jino je? Usiniambie uko bize. Jino halijui bize.

Sisi huku hatujambo. Magoti yangu yananikumbusha umri kila nikipanda ngazi, lakini cherehani bado inanitii. Mama yako mzima, anakwenda kuwafundisha wale wadogo wake wa chekechea na kurudi sauti imekauka, halafu anataka mimi ndiye niongee. Baba yako nitamfikia, maana yeye ndiye barua yenyewe. Usirukie mwisho wa karatasi. Nakujua.

Utashangaa nimekuandikia kwa mkono, mtu mwenyewe nimekujazia simu picha za vitambaa. Kwanza, karatasi hii iko ndani ya mfuko wa gauni nililokushonea, na gauni haliji kwa mwenyewe bila neno. Pili, kuna jambo la kukiri. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi hili nimelificha wiki tatu.

Basi nakiri. Kila uliponiuliza kama kadi imefika nikakujibu bado, nilikuwa nakudanganya. Kadi ilifika. Ilikuwa juu ya kabati langu, nimeifunika na bitana. Nisamehe mwanangu. Sababu utaisoma huko mbele, na ukishaisoma unaweza kunicheka, kwa sababu umechelewa, nimeshachekwa na mwenyewe.

Wewe uliondoka ukidhani baba yako ataendelea na ule mchezo wa kuendesha basi uliomwekea. Ulimfungia usukani mezani, ukampangia zile pedali chini, ukamwambia mkono wa kulia na mguu wa kulia ndio vifanye kazi, kama mtaalamu wa viungo alivyosema. Aliahidi. Ukiwa umekaa pembeni yake aliendesha akicheka, hata picha ilipokuwa inaruka ruka. Wewe ukaona picha, ukaanza kutafuta kadi ya picha ya kuongezea kompyuta. Ambacho hukukiona ni uso wake ulipokwisha kuondoka.

Jina lake la kazini unalijua, Kikombe. Sidhani kama aliwahi kukueleza lilivyoanza, maana hapendi kujisifu, lakini mimi nilikuwemo ndani ya basi alilokuwa akiendesha. Mama mmoja alipanda na kikombe cha chai, anampelekea mumewe aliyelazwa hospitali. Akakiweka sakafuni atafute nauli, akapitiwa, akaanza kupiga soga na jirani yake. Vituo kumi na kimoja. Alipokikumbuka alipiga kelele basi zima likageuka, na kikombe kikawa pale pale kilipowekwa, kimejaa. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo salamu yake ya kurudi nyumbani, anasimama mlangoni na kusema, "Chai haikumwagika," na wewe ukiwa na miaka mitatu, minne, unakimbia kumpokea begi. Tangu kiharusi kimpate, miezi mitano sasa, sijamsikia akiitamka.

Sasa mpe mtu wa namna hiyo basi linaloruka. Anakanyaga breki, picha inaganda, ikija kuzinduka basi limeshapita kituo na wale abiria wa ndani ya mchezo wanalalamika kama wenye akili zao. Siku ya tatu nilimkuta amekaa tu, mikono mapajani.

"Nimekanyaga, dada," akaniambia. "Mguu umechelewa."

Nikamwambia si mguu, ni kompyuta, hata mwanao amesema.

"Dereva mzuri halaumu gari."

Akachukua taulo akafunika usukani. Ningemwelewa kama angeishia hapo. Lakini akaacha na mazoezi mengine yote. Ule mpira wa kufinya nimeukuta ndani ya buti lake la mvua. Mtaalamu wa viungo alipokuja akanivuta pembeni, akaniambia bila kunificha kwamba hii miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa. Mkono usiotumika unasahau kazi, na ukishasahau kuurudisha ni shughuli. Nilirudi chumbani nikakaa kwenye stuli yangu nikalia. Mama yako sikumwambia.

Wiki hiyo hiyo akaniletea mashati yake saba. Alitaka nitoe vifungo vyote niweke vile vya kunata, avae kwa mkono mmoja. "Maji yakimwagika hayazoleki," akasema, sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja saa. Nikamwambia sina uzi. Mimi! Nina ukuta mzima wa uzi, rangi mpaka nyingine sizijui majina. Akautazama ukuta, akanitazama mimi, akayaacha mashati kwenye kapu akaondoka. Kwa hiyo kila nilipokaa kushona, yale mashati yalikuwa yananiangalia.

Ndipo ukaniomba vipimo. Uliniambia nifungue ubavu wa lile boksi la kompyuta, nipime nafasi kutoka bati la nyuma mpaka kwenye kile kizimba cha diski, na nikusomee maandishi ya boksi la umeme. Nikasoma: wati 300. Nikapima kwa futi kamba yangu ya kushonea. Nikakuandikia, sentimita kumi na nane.

Siku tatu baadaye ukanitumia sifa za kadi uliyoichagua, nikazinakili kwenye daftari langu la vipimo, kati ya kiuno cha bwana harusi mmoja na sketi za shule. Kumbukumbu GB 4. Njia ya biti 128. Umeme wati 75. Feni moja. Waya wa ziada wa umeme, hakuna. Unene, nafasi mbili. Urefu, sentimita 17. Mteja mmoja alichungulia akauliza huyu mwenye wati 75 ni mwanamke au mwanaume. Nikamwambia ni mgonjwa anakuja kutibiwa kwangu.

Usidhani nilinakili kama kasuku. Ulivyonieleza nilielewa. Wati 75 maana yake inashiba kwa umeme ule ule inaoupata pale inapochomekwa, haidai waya wake peke yake, na ndiyo maana ukaikwepa ile mikubwa yenye feni tatu ambayo boksi letu la wati 300 lingezimia. GB 4 ni kama meza yangu ya kukatia: haihusiani na kasi ya mkasi, ni kitambaa cha ukubwa gani unaweza kutandaza bila kukikunja. Biti 128 ni upana wa mlango wa kupitishia vitambaa kwenda mezani. Kama nimekosea niache hivyo hivyo, nimeshazoea. Uliniambia pia ni kadi ya ngazi ya chini, ya wanaoanza, haitaweza michezo mizito ya vita, ila kwa basi moja na skrini yetu ya 1920 kwa 1080 inatosha na chenji inabaki. Nililipenda hilo neno, wanaoanza. Nilisema moyoni, basi watafaana, na yeye anaanza upya.

Kadi ikafika. Mama yako kazini, baba yako amelala kidogo baada ya chakula, nikasema ngoja nimfanyie mshangao. Nikafungua ubavu, nikaishika kwa kingo kama ulivyoelekeza, nikaiingiza. Haiingii. Mkia wake unagonga kizimba cha diski. Nikaigeuza hivi, nikaigeuza vile, wapi! Nikachukua futi kamba nikapima tena. Sentimita kumi na tano.

Nilikaa chini sakafuni, mwanangu. Nikalifungua daftari, nikaona mwandiko wangu mwenyewe: 15, na pembeni yake, + 3. Nilikuwa nimeongeza nyongeza ya mshono! Miaka thelathini na minane sijawahi kumpima mtu nikaandika kipimo kikavu. Lazima uongeze kidogo, nguo isimbane, apate kuinua mkono na kushiba. Mkono wangu ukaongeza wenyewe bila kuniuliza. Lakini mwili unauongezea. Pengo ukiliongezea ni uongo mtupu. Wewe huko ukanunua kadi ya kumi na saba ukijua inabaki sentimita nzima, kumbe inazidi mbili.

Nikaona haya. Nilijua umeitafuta wiki ngapi, na jinsi ulivyonielekeza kwa subira kama mimi ndiye mtoto wa chekechea. Nikairudisha kwenye boksi lake, nikaifunika na bitana, nikaanza kusema bado haijafika. Na kila siku niliyosema bado, mkono wa baba yako ulikuwa unasahau kidogo. Hilo ndilo lililoniuma.

Aliyenifumania ni yeye. Alikuja kuuliza mashati yake. Nikaanza tena habari ya uzi, akainua macho juu ya kabati akaona boksi limechomoza lina mwandiko wako.

"Dada, hicho nini?"

Nikamwambia yote. Nilidhani atanuna. Akasema, "Yaani umeipimia kompyuta nguo?" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, akacheka mpaka machozi, akinyamaza anasema, "Isibane! Apate kushiba!" anaanza tena. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu alazwe, na mimi nikacheka huku nalia, tukawa kama vichaa wawili mchana kweupe.

Alipotulia akataka tochi. Akainama akamulika ndani ya boksi, muda mrefu, kama alivyokuwa akiinama chini ya basi. Akasema, "Hiki kizimba kimefungwa kwa skrubu nne tu. Ni siti hii. Hii siti ikihamishwa juu, abiria anakaa." Na kweli juu kulikuwa na nafasi wazi, ya kile cha kuchezea sidii ulichokitoa.

Jumamosi tukamwita yule binti fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, tunayemwita Taratibu, maana kila skrubu anayoigusa anaiambia, taratibu, taratibu. Akamulika, akasema mzee ameona sawasawa. Diski ikapelekwa juu, kizimba kikatoka, kadi ikaingia klik! Nilipiga kigelegele mama yako akatoka jikoni na mwiko. Kwa lugha yangu, tumefumua mshono wa kompyuta yako tukaupanua, na hatukuomba ruhusa ya mwenyewe. Nisamehe na hilo.

Taratibu akasema bado draiva. Baba yako akajiweka sawa kitini akasema draiva ameshakaa. Binti wa watu akacheka, akaeleza ni programu ya kuiongoza kadi, akaiweka. Halafu akaweka tarakimu kwenye kona ya skrini, za kuonyesha ni picha ngapi zinaletwa kila sekunde. Baba yako akaondoa lile taulo. Akaliondoa kwa mkono wa kushoto, nikaona.

Akaondoka kituo cha kwanza. Basi likaruka. Akakanyaga breki, picha ikaganda, kituo kikapita, wale abiria wakalalamika. Akajaribu tena, vile vile. Akaachia usukani polepole akanigeukia, wala hakuwa na hasira.

"Unaona sasa, dada? Mmebadilisha na gari. Dereva ni yule yule."

Mwanangu, sijawahi kusikia maneno yaliyonichoma kama hayo. Mama yako aligeukia dirishani. Mimi nilikuwa natazama ile kona ya skrini kwa sababu sikuweza kumtazama yeye, na tarakimu zilikuwa zinasema kumi na moja, kumi na mbili. Nikauliza, kwa ujinga wangu tu, kadi mpya nayo inaleta picha kumi na mbili tu? Taratibu akaruka kutoka kwenye stuli. Akaenda nyuma ya boksi, tukasikia, "Jamani! Jamani!" Waya wa skrini tulikuwa tumeurudisha kwenye tundu lake la siku zote, la kompyuta yenyewe, kadi mpya imekaa pembeni haina wa kumwonyesha. Ule waya wa zamani wenyewe hauingii kwenye kadi; inataka wa HDMI. Nyumba nzima ulikuwepo mmoja, nyuma ya televisheni. Nikauchomoa mwenyewe. Tamthilia yangu ilikuwa inaanza baada ya nusu saa na mpaka leo sijui yule mama mkwe aliishia wapi.

Skrini ikawaka. Kwenye kona, sitini. Taratibu akamweleza baba yako kwa adabu, kwamba zamani alikuwa akiletewa picha kumi na mbili tu kwa sekunde, zimechelewa, kwa hiyo kituo alichokiona mbele yake kilikuwa kimeshapita. Hata angekuwa na miguu minne asingesimama.

Baba yako akafikiri. Akasema, "Yaani nilikuwa naendesha kioo cha mbele kimezibwa?"

"Ndiyo, mzee."

Akashika usukani, safari hii mikono yote miwili. Kituo cha kwanza alikizidi kidogo, nikamwona anatikisa kichwa, lakini ni kile kichwa cha mtu anayejisahihisha. Cha pili akasimama mapema mno. Cha tatu aliachia mafuta mbali, akaanza kukanyaga kwa ule mguu wa kulia, kidogo, kidogo, basi likainama likatulia mbele ya nguzo kama limewekwa kwa mkono, na wale abiria hawakusema kitu. Nikamtazama, jasho limemtoka, na midomo ameikaza vile alivyokuwa anaikaza tukiwa watoto akitaka kulia. Nikamwekea mkono begani. Hakuutoa.

Hiyo ni wiki jana. Sasa anaendesha asubuhi na jioni, na mama yako analalamika ameolewa na basi. Nisikudanganye tena: mkono haujapona. Kijiko bado kinamponyoka, na akichoka mguu unaburuza. Lakini Alhamisi mtaalamu wa viungo alimpima nguvu ya vidole, akapima mara ya pili kwa kutoamini, na ule mpira umetoka kwenye buti. Na juzi aliingia hapa, akachukua shati moja kutoka kwenye kapu, lile la bluu, bila kuniuliza habari ya uzi. Alifunga vifungo viwili vya chini mwenyewe. Ilichukua muda wa birika kuchemka. Sikumsaidia, nilijifanya natafuta sindano sakafuni. Mashati sita bado yapo, na vifungo vyake vyote, na wala simkumbushi.

Gauni lijaribu upesi uniambie. Nimelikata kwa kukumbuka mwili wako, nikaongeza sentimita tatu. Hapo nina haki.

Mama yako anakusalimu na kukukumbusha jino. Taratibu anakusalimu, anasema ukija anataka kuiona hiyo akili iliyochagua kadi bila waya wa ziada. Mtaalamu wa viungo naye anakusalimu. Mungu akulinde njiani na kazini, akupe watu wema wa kukaa nao, akurudishe kwetu ukiwa na meno yako yote.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye bila kipimo.

Nafasi hii ya chini ameiomba baba yako. Nilitaka aniambie maneno nimwandikie, akakataa, akabadilisha kalamu kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Amekaa nayo tangu nilipoanza kukunja gauni. Usiangalie mwandiko.

CHAI HAIKUMWAGIKA
Baba